Nilichomficha Fundi Salehe

Magamba, Jumapili, baada ya ibada

Mwanangu Danieli,

Salamu sikupi, maana uko hapo nje na sauti yako naisikia. Unamtania mama yako kwa kulifunga sanduku lako kamba ya mkonge mara tatu, naye anakujibu kwamba kwenye treni kuna watu wenye mikono mirefu. Mmecheka wote wawili. Mimi nimesema kichwa kinaniuma na nisisumbuliwe. Kichwa hakiniumi hata kidogo. Nina wivu, na nimeona afadhali nikae nao huku chumbani na karatasi kuliko kuuleta mezani siku yako ya mwisho nyumbani.

Mambo ya chandarua, ya kuchemsha maji, ya kutolala dirisha wazi huko Tanga, sitayagusa. Mama yako ameyasema tangu Jumatatu, na leo shangazi yako ameyarudia nje ya kanisa mbele ya watu mpaka ukaona haya. Kesho asubuhi basi la Mombo litapita, utapanda, utashika treni, na jioni utakuwa nyumbani kwa Fundi Salehe, ukianza kujifunza kazi katika karakana yake ya mbao. Hilo tu ndilo ninalokuandikia.

Wiki mbili sasa unaniuliza, "Baba, umeniruhusu kwa moyo mmoja?" Na mimi nakujibu, "Tutaona." Wewe umefikiri nahuzunika kubaki peke yangu na shamba la viazi. Mchungaji amefikiri naogopa utabadili dini ukikaa kwa Mwislamu, akaja kunituliza, akanywa chai vikombe viwili. Nimewaacha wote mfikiri mnavyotaka, kwa sababu mlikuwa mnanifikiria vizuri kuliko nilivyo.

Ukweli ni huu. Tangu uliporudi kutoka Tanga wakati wa Pasaka, humalizi mlo bila kusema "Fundi Salehe anasema". Fundi Salehe anasema patasi inolewe kwa mafuta, siyo kwa maji. Fundi Salehe anasema kipimo kisikae kichwani, kiandikwe. Fundi Salehe anasema chai ya Lushoto ni nyepesi. Chai! Siku ile nilipokuwa nakata kuni uani ukanijia kwa upole, ukaniambia, "Baba, Fundi Salehe anasema msumeno usisukumwe, uachwe ule wenyewe." Unaniambia mimi, niliyepasua mbao tangu kabla mama yako hajanijua jina. Nikakujibu, "Basi mwite Fundi Salehe aje akupasulie kuni," ukacheka ukidhani natania.

Nimekuona pia unavyofuta futi rula aliyokupa. Unaifuta kwa kitambaa kila jioni, unaikunja, unaiweka chini ya mto. Mimi nilikupa jembe zuri ulipomaliza shule, na jembe lile limelala nje na mvua. Najua jembe halilali chini ya mto. Nasema tu kwamba nimeona.

Lakini kilichonikaa kooni siyo rula wala chai. Ni ile siku ya kwanza uliporudi. Hujavua hata viatu, ukanishika mkono kwa mikono miwili, ukasema, "Baba, Fundi Salehe amenihadithia. Kumbe wewe ndiye uliyemwokoa asifukuzwe pale kiwandani. Miaka yote hii hukutuambia." Macho yako yalikuwa yanang'aa. Tangu uzaliwe hujaniangalia vile. Nilitakiwa kusema neno pale pale, na neno lenyewe lilikuwa fupi. Badala yake niliuacha mkono wangu ushikwe, nikafurahi.

Hadithi ile si kweli, Danieli. Fundi Salehe hakukudanganya kwa ubaya, nitafika huko. Lakini mimi sikumwokoa mtu. Nakuandikia ilivyokuwa, uende Tanga ukijua unaingia kwa nani, na unatoka kwa nani.

Wewe ulikuwa na miaka mitatu. Vita ilikuwa imekwisha, na kiwanda cha mbao kilikuwa bado kinafanya kazi hapo juu, palipobaki yale mawe ya msingi ambapo mlikuwa mkicheza. Mimi nilikuwa mpasuaji mkuu. Nilianza kwa msumeno wa shimo, mtu mmoja juu ya gogo na mwingine chini anakula unga wa mbao, mpaka mashine ya mvuke ilipoletwa na Bwana akanichagua mimi kuiendesha. Bwana, yaani mwenye kiwanda, alikuwa mzungu mmoja mrefu mwenye kikohozi, mtu wa maneno machache. Kwa miaka kumi na moja hakuna mkono ulioushika mpini wa mashine ile kuuzidi wangu.

Nikueleze ilivyokuwa, maana hukuiona ikifanya kazi kwa akili ya mkubwa. Gogo la mkulo linalazwa juu ya toroli linalotembea kwenye reli fupi, kwenda na kurudi mbele ya msumeno wa duara. Juu ya toroli kuna vyuma viwili vilivyosimama, kimoja mbele na kimoja nyuma, sisi tuliviita viganja, kwa kuwa kazi yao ni kulisukuma gogo ubavuni kuelekea kwenye msumeno. Mpasuaji anavuta mpini, gurudumu la meno linazunguka, na kila jino moja viganja vyote viwili vinasogea robo inchi. Ukitaka ubao wa inchi moja, unavuta meno manne. Viganja vikisogea sawa, ubao unatoka na unene mmoja toka mwanzo hadi mwisho. Kimoja kikichelewa, ubao unatoka mnene upande mmoja na mwembamba upande wa pili, na huo hata kwa banda la mbuzi utautazama mara mbili.

Sasa, kiganja cha nyuma kilikuwa kimelegea. Pini iliyokishikilia ilikuwa imelika ndani, mahali pasipoonekana, polepole kwa miaka. Ukivuta mpini kwenda mbele, ulegevu unabanwa na viganja vinakaa sawa, huoni kitu. Lakini ukipitisha alama kwa bahati mbaya, kisha ukarudisha jino moja ili kuikamata, kiganja cha mbele kinarudi na cha nyuma kinabaki kilipokuwa. Hapo ndipo kosa lilipokaa, katika kule kurudi kidogo tu.

Mkono wangu ulijifunza hilo kabla ya kichwa. Nikipita alama sikurudisha jino moja. Nilirudisha matatu au manne, mpaka nyuma kabisa ya alama, halafu nikaja tena mbele taratibu. Hivyo ubao wangu ulikuwa sawa siku zote. Kichwa nacho kikajua baadaye. Siku moja nilitia kidole pale nyuma nikasikia chuma kinacheza. Nilitakiwa kumwambia Bwana, ibadilishwe pini, kazi ya asubuhi moja. Sikumwambia. Nilipenda kwamba mashine ile ilinitii mimi tu. Kila mwenzangu aliyejaribu mpini wakati nimekwenda kula aliharibu ubao, wakasema, "Zakaria ana dawa." Niliwaacha waseme. Nilijiona mkubwa sana kwa sababu ya pini mbovu.

Ndipo akaja Salehe. Alikuwa kijana wa Tanga, amerudi kutoka jeshini, alikofundishwa ufundi katika karakana ya magari na mashine mpya. Alikuja na mkewe Bi Mwanaidi na sanduku moja la vifaa alilolibeba mwenyewe, hakumpa mtu. Bwana alimtazama siku mbili, siku ya tatu akaniita. "Zakaria, toka kesho wewe noa misumeno. Salehe ataendesha." Basi, akakohoa akaondoka. Hakusema nimekosa nini. Nadhani sikuwa nimekosa kitu machoni pake. Alitaka mtu anayesoma vitabu vya mashine.

Nilihamia kwenye kibanda cha kunolea. Kutoka pale niliuona mpini wangu siku nzima, na mkono wa mtu mwingine juu yake. Usidhani nilimchukia kwa kelele. Wivu wangu ulikuwa na adabu nzuri sana, uliamka mapema na kusalimia. Yeye ndiye aliyekuja na "Shikamoo kaka Zakaria" kila asubuhi, nami niliitikia "Marahaba" na kumuuliza habari za mkewe. Jioni alipita hapa nyumbani, na wewe ulikimbia kumlaki. Alikutengenezea kigari cha mbao chenye magurudumu yanayozunguka kweli. Mimi kwa miaka mitatu sikuwahi kukutengenezea kitu, nilikuwa nachoka. Ulilala na kigari kile. Nilikiangalia ukiwa umelala, nikatamani kigurudumu kimoja kitoke.

Wiki ya pili mbao zikaanza kuharibika. Nne nzuri, moja mbaya. Sita nzuri, mbili mbaya mfululizo. Kisha asubuhi nzima safi kabisa, na baada ya chakula tena mbaya. Tulikuwa na kazi kubwa wakati ule, mbao za madawati ya shule moja ya huko bondeni. Lori zima likateremka, na baada ya siku tano lori zima likarudi. Bwana alishuka akavuta ubao mmoja, akaushika mwisho huu, akaushika mwisho ule, akautupa miguuni pa Salehe.

Nilijua siku ile ile. Nisijifiche mbele yako kwa kusema nilidhani, au nilihisi. Nilimwona Salehe anapita alama, anarudisha jino moja, anapasua. Kwenye mashine mpya za jeshini ungefanya hivyo na hakuna ubaya. Kwenye ile yetu alikuwa anaingia mtegoni kila mara, na mtegaji nilikuwa mimi, nimekaa na tupa yangu nanoa.

Alianza kutafuta. Hapo ndipo wivu wangu ulipozidi, maana alitafuta vizuri. Mtu mwingine angepiga nyundo na kutukana. Yeye alibadilisha msumeno kwanza, akaupima kwa uzi uliovutwa, ukawa umenyooka. Akaweka pima maji kwenye reli, akaona upande mmoja umelala kidogo, akautilia kabari, akapasua. Ubao ukatoka mbaya. Akahesabu meno ya gurudumu moja moja na kuyatia chaki, hakuna lililovunjika. Akafikiri labda msumeno unapata moto mchana na kupinda, akaupumzisha, akaumwagia maji. Mbaya. Akavuta viganja mbele na kuvipima kwa rula kutoka kwenye msumeno, cha mbele na cha nyuma, mara kumi. Sawa sawa mara zote kumi. Bila shaka vingekuwa sawa, alipokuwa anapima alivivuta kwenda mbele tu. Kosa lilikuwa linajificha kila alipolitafuta na kutoka kila alipofanya kazi. Nilimtazama akikaa juu ya gogo ameshika kichwa, na ndani yangu kulikuwa na furaha. Naiandika hiyo herufi kwa herufi. Kulikuwa na furaha.

Jumatano Bwana akamwambia, "Mpaka Jumamosi. Mbao zikiwa hivi, unashuka." Bi Mwanaidi alikuwa na mimba ya miezi saba.

Ijumaa jioni alikuja hapa. Mama yako alikuwa anapukuchua mahindi, wewe umekaa mapajani mwake. Salehe hakutaka kukaa. Alisimama pale mlangoni na kofia mkononi.

"Shikamoo kaka."

"Marahaba. Karibu kiti."

"Sikai, kaka. Nimekuja kukuuliza. Nimepima kila kitu ninachokijua. Wewe umeiendesha ile mashine miaka kumi na moja, na watu wananiambia hukuharibu ubao. Kuna kitu sikioni. Ni kitu gani?"

Danieli, nimeyasikia maneno yale mara nyingi sana tangu siku ile, na kila mara najibu tofauti. Siku yenyewe nilijibu hivi. "Mimi sina elimu ya jeshini, bwana mdogo. Pima tena."

Akaniangalia kidogo. Akasema, "Ahsante, kaka." Akakupapasa kichwa akaenda zake.

Mama yako aliendelea kupukuchua. Baadaye akaniuliza kwa Kishambaa, taratibu, kwa nini sikumwambia. Nikamjibu, "Nimwambie nini? Sijui kitu." Akaacha kupukuchua, akaniangalia, kisha akainuka kwenda kukulaza. Hakuuliza tena, si usiku ule wala mwaka huu. Nimewahi kutamani anigombeze. Ningegombezwa ningejitetea, na nikijitetea hujiona nina haki.

Jumamosi asubuhi Salehe alifanya jambo ambalo mimi, pamoja na ujuzi wangu wote, nisingelifikiria. Alimpa chaki mpokeaji wa mbao, mzee mmoja wa Lukozi aliyekuwa anasimama upande wa pili wa msumeno. Akamwambia, "Nikipaza sauti 'moja kwa moja', piga mstari kwenye ubao. Nikipaza sauti 'nimerudi', piga msalaba." Akapasua gogo zima hivyo, akipaza sauti katikati ya kelele za injini. Kisha akazima, akazipanga mbao chini, akazipima moja moja. Mbao zote mbaya zilikuwa na msalaba. Zenye mstari zote zilikuwa nzuri.

Alitembea moja kwa moja mpaka nyuma ya toroli, akatia nondo kwenye kiganja cha nyuma, akakitikisa. Kikacheza. Alikitikisa tena, polepole, kama mtu anayejaribu jino la mtoto. Halafu akageuka akanitazama mimi kule kwenye kibanda. Nilikuwa nimesimama. Sijui uso wangu ulikuwaje, lakini tupa ilikuwa imetulia mkononi mwangu, na mtu anayenoa hasimami na tupa iliyotulia.

Bwana akafika. Akauliza, "Umeona?" Salehe akasema, "Nimeona, Bwana. Pini ya nyuma imelika. Zakaria ndiye aliyenielekeza."

Wote wakageuka kuniangalia. Bwana alikuja mpaka kibandani, jambo ambalo hakulifanya hata siku moja, akanipa mkono. "Vizuri, Zakaria." Wenzangu wakapiga makofi. Mzee wa Lukozi akasema, "Si nilisema ana dawa!" Na mimi, mwanangu, nilipokea ule mkono. Nikainamisha kichwa kidogo, kama mtu mnyenyekevu. Jumatatu pini ikabadilishwa, na Bwana akasema tuiendeshe kwa zamu, mimi asubuhi, Salehe mchana. Nilirudi kwenye mpini wangu kwa uongo wa mtu niliyetaka kumwangamiza, na mashine ikawa sawa kwa mkono wowote. Sikuifurahia hata siku moja.

Kwa nini alisema vile? Miaka yote hii nimekaa na swali hili. Yawezekana aliichukua ile "Pima tena" yangu kuwa ni fumbo la mzee, akaona kweli nimemsaidia. Yawezekana alijua kila kitu tangu aliponiona nimesimama, akaamua kunipa sifa ili inichome. Au aliniona pale kibandani, mtu mzima aliyenyang'anywa kazi yake, akanionea huruma. Siku nyingine naomba iwe ile ya kwanza, kwa kuwa inamfanya yeye awe mjinga kidogo. Unaona jinsi nilivyo. Hata wema wake nautafutia kasoro.

Sikumuuliza. Tulifanya kazi pamoja miaka miwili mingine. Binti yake alizaliwa hapa, mama yako ndiye aliyempokea. Kiwanda kilipofungwa, walishuka Tanga, na nilifurahi kuona lori lao linakata kona. Nikajiambia yamekwisha. Kumbe ulikuwa unakua, na siku moja ungetumwa Tanga na mizigo ya kabichi, ungepita mbele ya karakana, na mtu angekuangalia usoni na kukuuliza, "Wewe si mtoto wa kaka Zakaria?"

Basi sasa unajua. Yeye hatulipi fadhila, maana hakuna fadhila. Amekuita kwa sababu ameona mkono wako unafaa. Ukiingia kwake usiingie kama mtoto wa mtu aliyemwokoa, ukadai kiti cha mbele. Na siku utakapokuwa umeijua kazi vizuri, na pana mashine inayokutii wewe peke yako, utasikia raha fulani. Mimi naijua raha hiyo. Sina la kukuamuru juu yake. Nakuambia tu kwamba nilikaa nayo miaka kumi na moja, na niliponyang'anywa mpini niligundua kwamba sikuwa na rafiki hata mmoja kiwandani, nilikuwa na watu wanaoniogopa tu.

Kuhusu kupima, ninakuachia yeye. Anapima kuliko mimi. Umeona nimeandika hivyo bila kukwaruza karatasi.

Umeniuliza kama nimekuruhusu kwa moyo mmoja. Nimekuruhusu, lakini nikisema kwa moyo mmoja nitakuwa nimeongeza uongo mwingine. Nusu ya moyo wangu inataka basi la kesho liharibike pale Soni, urudi kwa miguu umechoka, uniambie Tanga kuna joto na hukutaka kwenda. Nusu hiyo itakaa nami humu ndani, nitailisha mwenyewe, haitakufuata. Nusu ya pili inakusukuma uende. Ukirudi mwakani na maneno ya "Fundi Salehe anasema", nitakasirika, nitazungumza vibaya, na wewe uendelee kusema. Usiyameze kwa ajili yangu.

Nilikuwa nimepanga kuiingiza barua hii chini ya nguo zako, uisome treni ikiwa imeshaondoka Mombo na mimi niko mbali. Nimeona huo ni uoga ule ule wa kibandani. Nitakupa leo, jua likiwa bado lipo, na utaisoma mbele yangu na mbele ya mama yako. Yeye amesubiri kuliko wewe. Kisha ukafike nayo Tanga, umpe Fundi Salehe aisome yote, hata mahali pa chai. Mwambie sikumwelekeza. Nilijua na nilinyamaza. Akikuambia alijua tangu siku ile, niandikie. Akikuambia hakujua, na akakukasirikia wewe kwa ajili yangu, vumilia siku chache. Hana tabia ya kukasirika muda mrefu. Nilimchunguza miaka ile yote ya kiwandani nikiitafuta tabia hiyo.

Nimebakiwa na sentensi moja. Nimeizunguka tangu mchana, nimenoa kalamu mara mbili bila sababu, nimetazama mvua inakuja kutoka upande wa Shume. Unakwenda kuishi na mtu aliye bora kuliko baba yako. Nimeiandika. Imeniuma jinsi nilivyojua itaniuma, na sitaifuta.

Baba yako,
Zakaria